Mlango Ulikuwa Wazi

Neno "changamoto" silipendi, na sina sababu ya kuficha. Likitajwa kikaoni kazini huwa nainama, najifanya naandika, maana nikiinua uso watu watauona ulivyobadilika. Juzijuzi bosi wangu, kijana mdogo kuliko mimi, aliniita pembeni akanishauri kwa upole kwamba kwenye taarifa nisiandike "tatizo", nisiandike "shida", wafadhili wanakata tamaa. Nikamwambia sawa, nitarekebisha. Hakujua kwamba somo hilo nililimaliza nikiwa darasa la tano, na aliyelilipia ni mama yangu.

Mama tumemzika mwezi uliopita. Alipokuwa hai nisingeyasimulia haya, kwa sababu angeniuliza tu, "Koku, yanakusaidia nini hayo?" na mimi ningeacha hapohapo. Sasa hakuna wa kuniuliza.

Siku nilipofika kwa mazishi nilishuka kwenye bodaboda pale njia panda, na kabla sijasikia vilio nikasikia harufu. Jirani alikuwa anakaanga mtama wa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Ninyi wa kwetu mnaijua harufu hiyo, mtama unaungulia kikaangoni huku ndizi zimeiva shimoni, utamu wake unakuja mpaka barabarani. Wengi inawakumbusha harusi na Krismasi. Mimi nilijiziba pua kwa kanga palepale. Dereva akaniuliza kama ni kwa sababu ya msiba, nikamwambia ndiyo, ni msiba.

Kwetu ni Kyerwa, ndani ndani huko, ingawa siku hizo Kyerwa bado ilikuwa ndani ya wilaya ya Karagwe na sisi hatukuona tofauti. Nyumba ilikuwa katikati ya migomba, mibuni pembezoni, kanisa la Kilutheri juu ya kilima, shule chini yake, na zahanati mbele ya shule. Mama alitoka Nyakasimbi, akaolewa huku, akaja na sifa moja ambayo Baba aliirudia kwa kila mgeni: huyu mwanamke ana adabu. Na kweli alikuwa nayo. Alipiga magoti kumwamkia hata mtu aliyemzidi miaka michache. Akikaribishwa chakula huku njaa inamuuma alisema ameshiba, akangoja abembelezwe, na asipobembelezwa alirudi nyumbani na njaa yake. Mimi, binti yake wa kwanza, ndiye niliyekuwa kipimo cha kazi yake. Kwetu mtoto wa kike akikosa adabu haulizwi yeye, anaulizwa mama yake. Hilo mlishike, kwa sababu ndilo lililotumaliza.

Mwaka ninaousimulia Mama alikuwa mjamzito. Uchungu ulimwanza mchana, jua la utosi, Baba akiwa amekwenda Kamuli kwa dada yake. Tukatoka wawili, mimi nimebeba beseni na kanga, yeye anatembea na kusimama, anashika mgomba huu, anashika ule. Njiani tulikutana na watu, na kila aliyemwuliza habari alimjibu, "Nzuri, tunafika hapo tu." Tulipofika zahanati, mlango ulikuwa na kufuli. Nililishika kwa mkono wangu. Lilikuwa la moto kwa jua, nikaliachia upesi, na vidole vyangu havijalisahau.

Nyuma ya zahanati kulikuwa na nyumba ya nesi na shamba lake la kahawa. Nilimkuta anapalilia, gauni lake jeupe amelitundika kwenye tawi la mbuni lisichafuke. Nikapiga magoti kwenye udongo, nikaanza kama nilivyofundishwa. "Shikamoo, nesi." Akaitikia marahaba. Akaniuliza habari za nyumbani, nikasema nzuri. Akaniuliza habari za shule, nikasema nzuri. Ndipo nikasema kwamba Mama yuko mlangoni na mtoto anakuja. Nesi akasema, "Mwambie anisubiri, namalizia mstari huu."

Nikarudi mbio kumwambia. Mama hakuwa mlangoni tena. Alikuwa amelala kwenye nyasi ubavuni mwa ukuta, amejificha asionekane na watu wa njiani, amejiziba mdomo kwa kanga. Mama mmoja aliyekuwa anapita na ndizi kichwani ndiye aliyemsaidia. Mtoto alikuwa wa kiume. Alilia kidogo sana, kwa sauti ya paka mdogo, halafu akaacha. Nesi alipofika alikuwa ameshavaa gauni lake jeupe na ameshanawa mikono. Akainama, akaangalia, akasema kwa huzuni ya kweli kabisa, "Jamani mama, mbona mnachelewa hivi kutoka nyumbani?" Na Mama, akiwa bado kwenye nyasi, akamwambia, "Utusamehe, nesi."

Kwetu mtoto wa namna hiyo hawekewi msiba. Baba alirudi jioni akamzika nyuma ya nyumba, kwenye migomba, bila wageni wala nyimbo, na siku chache baadaye Mama alikuwa shambani na jembe. Kifua cha gauni lake kilikuwa kimelowa maziwa. Jirani akipita alimwuliza habari za asubuhi, naye alijibu nzuri. Nilikuwa nangoja mtu mmoja tu aulize swali jingine. Hakutokea.

Muda si mrefu tukatangaziwa shuleni kwamba mgeni rasmi anakuja kuzindua darasa jipya. Kila mtu wa rika langu anajua shule inavyogeuka mgeni rasmi akija. Tulipaka mawe chokaa, tulifagia mpaka njia isiyopitwa na mtu, tukapanda maua ambayo yalikuwa yamekatwa tu na kuchomekwa kwenye udongo. Mimi nikachaguliwa kusoma risala, kwa kuwa nilisoma Kiswahili bila kukwama na bila kuingiza Kinyambo, lugha yetu ya nyumbani. Mwalimu wa zamu aliiandika, mwalimu mkuu akaipitia kwa kalamu nyekundu. Palipoandikwa "shida ya maji" alikata akaandika "changamoto ndogo ya maji". Palipoandikwa kwamba vyoo vimejaa alikata mstari wote. Nikamwuliza changamoto maana yake nini, maana neno lilikuwa geni kwangu. Mwalimu mkuu alikuwa mtu mpole, hakuwahi kunichapa. "Ni shida hiyohiyo, Koku," akaniambia, "ila imevaa nguo safi ya kutokea mbele za wageni." Nikaona ni jambo zuri. Hata Mama akitoka alivaa gauni la kanisani.

Siku yenyewe nilisoma vizuri, sikuruka hata nukta. Mgeni rasmi alikuwa mtu mnene mwenye sauti nzuri, amevaa shati la kitenge, na alinipigia makofi yeye mwenyewe. Halafu akafanya jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba. Aliniita mbele ya meza kuu, akachukua ile karatasi mkononi mwangu, akaikunja, akaitia mfukoni. "Hii ni ya walimu," akasema, na watu wakacheka. "Sasa niambie wewe, binti yangu, kwa mdomo wako. Hapa kijijini kuna shida gani? Sema bila kuogopa. Mimi ni kama baba yako."

Alisema shida. Nilimsikia kwa masikio yangu, alisema shida, hakusema lile neno jingine. Nilimtazama Baba, aliyekuwa amekaa safu ya mbele kwa kuwa alikuwa mwenyekiti wa kitongoji, na Baba alikuwa anatabasamu. Nikajua nimeruhusiwa. Ningejuaje kwamba kuna maswali yanayoulizwa ili watu waone tu kwamba yameulizwa? Nilikuwa nimefundishwa kwamba mkubwa akikuuliza unajibu, nikajibu. Nikasema zahanati yetu hufungwa mchana. Nikasema Mama alikuta kufuli, akajifungulia kwenye nyasi, mtoto akafa, na nesi alikuwa anapalilia kahawa, akasema anamalizia mstari.

Sijui kama mmewahi kusikia uwanja mzima ukinyamaza. Hata watoto wadogo waliokaa chini waliacha kusukumana. Nesi alikuwa palepale meza kuu, na gauni lake jeupe. Mama alikuwa nyuma pamoja na akina mama wengine, sikuweza kumwona uso. Mgeni rasmi akakohoa, akaniwekea mkono kichwani, akasema, "Tumepokea. Hiyo ni changamoto, na tunaifahamu. Mpeni binti yangu soda." Watu wakapiga makofi kwa nguvu sana, yale makofi ya kufunika kitu. Soda ilikuwa ya moto, nikainywa yote.

Kesho yake zahanati haikufunguliwa, wala keshokutwa yake. Nesi hakugombana na mtu. Alikaa barazani kwake anafuma kitambaa, na aliyemletea mtoto mgonjwa alimjibu kwa upole kwamba anaogopa kumgusa, asije akatangazwa mbele za wakubwa kwamba anaua watoto. Alisema ameshaomba uhamisho. Hapo ndipo kijiji kilipokasirika, na hasira yenyewe haikwenda kwa nesi. Niliisikia kisimani.

"Mtoto wa nani yule?"

"Wa yule wa Nyakasimbi."

"Kumbe. Na tulivyodhani ana adabu."

Mama alikuwa anateka maji hapohapo, na walitaka asikie. Alijaza ndoo yake, akajitwisha, akawaaga mmoja mmoja.

Baba akaitwa kwa mwenyekiti wa kijiji. Aliporudi hakunichapa, hakunigombeza, hata kunitazama hakunitazama. Alikwenda moja kwa moja kwenye migomba ya pombe, akakata mikungu mikubwa, akachimba shimo, akatandika majani, akazifukia ndizi ziive. Na mimi ndipo nilipoanza kuota. Kwetu ndizi hazifukiwi bure, zikifukiwa ujue kuna wageni. Kisha Mama akatoa mtama akaanza kuukaanga, nyumba nzima ikanukia. Jogoo mwekundu tuliyekuwa tunamtunzia Krismasi akafungwa miguu. Halafu Mama akaleta mzigo mzima wa nyasi mbichi, nikajua hizo ni za kutandika sebuleni, kama tulivyozoea kutandika nyasi mpya kukiwa na jambo.

Nikayajumlisha yote hayo kwa akili yangu ya darasa la tano, nikapata jibu lililonifurahisha mpaka nikashindwa kula. Mgeni rasmi alisema wamepokea. Basi wamefanyia kazi. Basi nesi ameambiwa, na sasa anakuja kwetu kumwomba Mama radhi. Sikujua kwamba pombe ya kuomba radhi hupikwa na mkosaji. Nilichojua ni kwamba anayepika ni mwenye wageni. Nikamwambia rafiki yangu tuliyekaa naye dawati moja, "Jumamosi nesi anakuja kwetu kumpigia Mama magoti." Akaniuliza nani kasema. Nikamjibu, mbona ndizi zimeshafukiwa.

Zilipoiva, Baba alizikamua kwa miguu ndani ya mtumbwi wa kukamulia, na zile nyasi zikatiwa humo zichanganyike na ndizi juisi ipate kutoka. Nilipoona nyasi zote zimeingia kwenye ndizi nilishtuka kidogo, nikajiambia labda watakata nyingine. Kwa kawaida kazi hiyo ina kelele, wanaume wanaimba wakikanyaga, watoto wanagombania kuonja. Siku ile Baba alikanyaga kimya, jasho linamtoka, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nachekacheka. Nikamwuliza Mama nesi atakaa kiti gani. Akainua uso. Alikuwa na unga wa mtama kwenye nyusi.

"Nesi atakaa kiti chake," akasema.

Jumamosi nikavishwa gauni la kanisani, Mama akavaa lake. Nikakaa mlangoni kuwangoja wageni. Nikamwona mwenyekiti wa kijiji anakuja peke yake, na fimbo yake, nikapiga magoti kumwamkia, akaitikia akiwa anaangalia paa. Kisha Baba akatoa dumu la rubisi nje. Akatoa jogoo. Mama akajitwisha mkungu wa ndizi za kupika. Vyote vilikuwa vinatoka, hakuna kilichokuwa kinaingia. Nikageuka nikaangalia sebule yetu, bado ina nyasi zilezile kuukuu, na hapo nikaelewa nani anakwenda kwa nani. Nilitaka kukaa chini palepale. Mama akanishika mkono. "Twende," akasema. "Usilie njiani, watu watauliza."

Nesi alitupokea vizuri. Hilo lazima niliseme, alitupokea vizuri sana. Wanaume akawapa viti vyenye vitambaa vyake vya kufuma, sisi tukakaa kwenye mkeka. Akauliza habari za nyumbani, za mifugo, za mashamba. Zote zilikuwa nzuri. Mwenyekiti akasema kwa niaba yetu, kwa maneno marefu, kwamba limetokea jambo, mtoto ameteleza ulimi, na mtoto wa kike wote tunajua analelewa na nani. Kisha akamgeukia Mama. "Mama Koku, waitu, mwenzetu, na wewe sema neno lako."

Mama akajivuta kwa magoti mpaka mbele ya kiti cha nesi. Niliuona mgongo wake tu, na nyayo zake zilizopasuka, zina udongo kwenye nyufa ingawa asubuhi alizisugua kwa jiwe. Akasema, "Nesi, utusamehe. Mtoto hakuona vizuri. Siku ile mlango ulikuwa wazi. Mimi ndiye niliyechelewa kutoka nyumbani."

Aliyasema polepole, kwa Kiswahili kizuri, kama mtu anayesoma risala. Nikafungua mdomo. Baba akaniwekea mkono begani, hakunifinya, aliuweka tu, nao ulikuwa mzito. Nesi akasema hana kinyongo, yeye ni mtu wa Mungu, ila mtoto afundishwe kwamba si kila kitu ni cha kusema. Akamwinua Mama kwa mikono miwili, wakakumbatiana. Nesi alitokwa na machozi, Mama hakutokwa. Kisha ikaletwa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, ile inayochemshwa na majani ya harufu na kuanikwa. Kwetu kahawa hiyo ikishapita mikononi mwa watu, jambo limekwisha na hakuna wa kulifufua. Mama akachukua punje akatia mdomoni. Nilisikia zikivunjika. Nikaletewa na mimi, nikatafuna, zilikuwa chungu, na nikaambiwa niseme asante.

Jumatatu zahanati ikafunguliwa.

Kwa miaka mingi sikumsamehe Mama. Nesi nilimchukia tu, hiyo ilikuwa kazi rahisi. Lakini Mama nilimwona mwoga, na nilipokwenda sekondari nilikuwa namwandikia barua fupi, za salamu tu, ili naye aone salamu tupu zinavyouma. Sasa mimi ni mtu mzima, nimezaa, na nimeelewa. Kijiji kilikuwa na nesi mmoja. Wadogo zangu walikuwa wanaugua malaria kila mvua zikinyesha, na mdogo wetu wa mwisho alizaliwa baada ya hapo, ndani ya zahanati ileile, mikononi mwa nesi yuleyule, akiwa mzima. Mama aliufungua mlango ule kwa magoti yake. Nimeelewa, na hasira haijapungua hata kidogo, na anayeniambia kwamba nikielewa nitapoa hakukaa kwenye ule mkeka.

Na msije mkasema naichukia adabu. Watoto wangu wanaamkia watu, na mimi mwenyewe siwezi kumpita mzee bila shikamoo. Ninachokichukia ni ile adabu inayodaiwa upande mmoja tu, kwa yule aliyepiga magoti, huku aliyekaa kwenye kiti akisifiwa kwa upole wake. Nasikia watu redioni wanabishana kuhusu uhuru wa kusema, nani kanyimwa, nani kauzidisha. Nazima redio. Sisi hakuna aliyetukataza kusema. Tuliombwa tuseme, tukasema, tukapigiwa makofi na soda tukapewa.

Mama hakuwahi kumtaja mtoto yule. Ila mgomba ulioota pale alipozikwa, mkungu wake hakukubali uuzwe wala utiwe kwenye pombe. Ulipokomaa aliupeleka kwa mwanamke yeyote aliyekuwa amejifungua karibuni, akautua mlangoni, akaondoka bila maelezo.

Kwenye mazishi yake nilipewa kazi ya kusoma wasifu wa marehemu. Uliandikwa na binamu yangu wa kamati ya msiba, ulikuwa mzuri, umenyooka. Marehemu alizaliwa Nyakasimbi, akabatizwa, akafunga ndoa, alikuwa mkulima hodari na mwanakwaya. Marehemu alijaliwa watoto wanne. Nikamwambia binamu kwamba tulikuwa watano. Akatutaja kwa majina, anahesabu kwa vidole, akabakiwa na kidole. Nikamweleza. Akanitazama kwa huruma. "Dada, yule hata hakubatizwa," akasema. "Tusiwachanganye watu."

Nesi alikuwepo. Amestaafu, ni bibi sasa, anatembea na mkongojo, na walimpa kiti cha mbele kabisa kwa heshima ya utumishi wake. Kabla yangu alipewa nafasi ya kutoa salamu. Akainuka kwa shida, akasema sauti inamtetemeka kwamba katika kazi yake yote hajaona mwanamke mwenye adabu kama marehemu. "Hakuwahi kumsema mtu," akasema. Watu wakaitikia kwa vichwa. Baba, aliyekaa kando ya jeneza, akajifuta macho.

Nikasimama na karatasi yangu. Nikasoma Nyakasimbi, nikasoma ubatizo, ndoa, kwaya. Nilipofika kwenye watoto nikaikunja karatasi. Nikasema, "Mama alizaa watoto watano. Mmoja alizaliwa kwenye nyasi nje ya zahanati, kwa sababu mlango ulikuwa na kufuli. Na yeye ni ndugu yetu." Nesi sikumtaja. Hata pale, oneni wenyewe, sikumtaja. Lakini sauti yangu haikuyumba, kwa sababu sentensi hiyo nilikuwa nayo tangu darasa la tano.

Safari hii haikuchukua muda. Mwongozaji wa ratiba akachukua kipaza sauti. "Tumepokea, dada yetu," akasema. "Tumepokea. Kwaya, karibuni." Kwaya ikaimba. Nesi alikuwa anatazama jeneza, na sijui kama alinisikia.

Jioni, watu wamepungua, Baba akaniita. Alikuwa chini ya turubai, miguu yake ile ya kukamua ndizi imebaki mifupa. Nilikwenda haraka, na nitawaambia ukweli, si kwa woga. Nilikuwa na tumaini. Nilifikiri labda mzee wa watu naye amengoja miaka yote hii mtu aliseme, na leo ataniambia asante. Nikapiga magoti mbele yake. Hakuwa na hasira. Aliniwekea mkono begani, nao sasa ulikuwa mwepesi.

"Koku," akasema, "mimi siku ile nilikuwa Kamuli. Sikuona. Nililolisikia nimelisikia kwa mama yako, kwa mdomo wake, mbele ya mwenyekiti. Alisema mlango ulikuwa wazi." "Leo ndiyo tumemzika, mwanangu. Unataka kumwita mwongo?"

Yule mama wa ndizi alishafariki. Mwenyekiti alishafariki. Kitu pekee nilichokuwa nacho cha kumwonyesha kilikuwa vidole vyangu vilivyolishika lile kufuli. Kikapu cha kahawa kilikuwa kinazunguka kwa wafiwa, kikanifikia, nikakipitisha bila kuchukua hata punje. Aliyekuwa kando yangu alikipokea, akaona, na kwa adabu akajifanya hakuona.